Spea za Bunda, Daftari la Musoma

Ukitoka Mwanza kwenda Musoma, ukishaiacha Magu na kupita Lamadi, barabara kuu inabanwa kati ya Ziwa Victoria na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Lango la Ndabaka liko mkono wa kulia. Nyani wamekaa kando ya lami wakisubiri maganda ya ndizi kutoka madirishani mwa mabasi, ng'ombe wanavushwa, malori ya Sirari yanapishana, na bodaboda zinachomoza kutoka njia za vumbi bila kuangalia huku wala kule. Dereva wetu alikanyaga breki mara nyingi hata abiria wa viti vya nyuma wakawa wanashika vyuma kabla basi halijapunguza mwendo. Kila alipokanyaga, roho zetu zilishikiliwa na vipande vya chuma vilivyogandishwa unga mgumu, vilivyotengenezwa katika kiwanda ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekijua.

Vipande hivyo ndivyo vilivyonipeleka mkoa wa Mara. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa ubora kiwandani kwa miaka kadhaa, na siku zote nimetaka kujua viwango vinavyotawala viwanda vya magari duniani vinaishia wapi. Je, vinakomea bandarini, au vinamfikia fundi aliyelala chini ya Noah mjini Bunda? Dar es Salaam jibu linapotelea katika msongamano wa maduka ya Kariakoo. Mkoani mambo yako wazi zaidi, kwa sababu muuza spea, fundi na mwenye gari wanajuana, na kitu kikiharibika wanakutana tena.

Bunda ni mji wa njia panda. Barabara moja inakwenda Musoma na mpaka wa Kenya, nyingine inashuka Kisorya kwenye kivuko cha Ukerewe, nyingine inapanda Nyamuswa. Mji wa namna hiyo hauwezi kukosa maduka ya spea. Niliingia katika moja, mikanda ya feni ikining'inia mlangoni na sakafu ikinuka mpira mpya.

"Karibu kaka. Gari gani?" aliuliza kijana wa kaunta.

"Noah, SR40. Pedi za breki za mbele."

"Unataka za Japani au za kawaida?"

Nilimwomba anitolee zote mbili. Akaweka maboksi mawili juu ya kioo. La kwanza lilikuwa na maandishi machache, jina la mtengenezaji na namba ya spea. La pili, ambalo bei yake haikufika theluthi ya lile, lilikuwa limejaa nyota, bendera na maneno ya Kiingereza ya kujisifu, na pembeni kabisa limeandikwa ISO/TS 16949. Kijana akaligonga kwa kidole. "Hii nayo ni ya kimataifa kaka. Si unaona ina ISO?"

Tukayafungua. Pedi ya kwanza ilikuwa na maandishi ubavuni, pale unga wa breki unapokutana na bati: alama ya mtengenezaji, namba ya mchanganyiko, herufi mbili FF, kisha namba ya toleo. Pedi ya pili ubavuni ilikuwa na rangi nyeusi tu. Nilimweleza kijana kwamba zile herufi mbili si pambo. Ya kwanza inasema pedi inashika kiasi gani ikiwa bado haijapata moto sana, ya pili inasema inashika kiasi gani ikishachemka. Herufi E ni mshiko wa kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Mtu anayeshuka kilima na abiria wanane na magunia juu ya keria anaitegemea ile herufi ya pili kuliko kitu kingine chochote garini.

Kisha tukarudi kwenye boksi lenye ISO. Naomba msomaji anivumilie hapa, kwa sababu jambo hili linawapotosha watu wengi, wakiwemo wauzaji waaminifu kabisa. Shirika la ISO haliwapi watu vyeti, wala haliruhusu nembo yake ibandikwe kwenye bidhaa. Cheti hutolewa na kampuni za ukaguzi, na hutolewa kwa mfumo wa kiwanda, yaani namna kinavyoendesha kazi zake. Pedi haiwezi kuwa na cheti hicho. Zaidi ya hapo, ISO/TS 16949 yenyewe haipo tena. Vyeti vyake vilikoma tarehe 14 Septemba 2018, nafasi yake ikachukuliwa na IATF 16949 iliyotoka Oktoba 2016. Boksi linalochapwa leo na kiwango kilichokwisha linajisifia karatasi ambayo hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuwa nayo.

"Kwa hiyo boksi linadanganya?" kijana aliuliza, na niliona swali lile limemuuma, kwa sababu ametumia maneno hayo kuuza.

Nilimwambia boksi haliwezi kuthibitisha kitu. Kinachothibitisha ni namba iliyopigwa kwenye spea yenyewe, ambayo mtengenezaji anaweza kuifuata kurudi nyuma mpaka siku, mashine na pipa la malighafi.

Viwango hivi vilizaliwa kwa sababu ya kero. Kampuni za magari hazitengenezi kila kitu zenyewe. Toyota husema gari moja lina sehemu zipatazo 30,000 ukihesabu mpaka skrubu ya mwisho, na sehemu kubwa ya hizo hutoka kwa viwanda vya nje. Zamani kila kampuni ilikuwa na kitabu chake cha masharti, na kiwanda kinachowauzia watatu kilikaguliwa kwa namna tatu. Mwaka 1994 Ford, Chrysler na General Motors wakaunganisha masharti yao katika QS-9000. Wajerumani walikuwa na VDA 6.1, Wafaransa EAQF, Waitalia AVSQ. Mwaka 1999 ndipo masharti hayo yalipoanza kukusanywa chini ya paa moja, ile ISO/TS 16949, juu ya msingi wa ISO 9001.

Ndani ya masharti hayo kuna kazi ambayo mimi naiheshimu kuliko zote, nayo ni FMEA. Kabla pedi haijatengenezwa hata moja, watu wa usanifu, wa mashine, wa ukaguzi na wa ununuzi wanakaa meza moja na kujiuliza: kitu hiki kinaweza kuharibikaje? Unga unaweza kubanduka kwenye bati. Kwa nini ubanduke? Gundi haikukauka, au bati lilikuwa na mafuta. Ukibanduka, nini kinatokea? Gari halisimami. Kila kosa linapewa alama kati ya 1 na 10 kwa ukubwa wa madhara, kwa uwezekano wa kutokea, na kwa ugumu wa kuligundua kabla halijatoka kiwandani. Watu wanawalilia watu ambao hawajafa, ili wasife. Halafu wanaandika nani atafanya nini, lini, na watajuaje kwamba limefanyika.

Nilitoka Bunda mchana nikapanda Hiace ya Musoma. Kiabakari ikapita, Makutano ikapita, jua likawa kali juu ya mashamba ya mihogo na majabali makubwa yaliyobebana. Musoma imejinyoosha ndani ya ziwa, maji karibu kila upande, na upepo wa jioni unaleta harufu ya dagaa. Ni mji ninaoupenda.

Gereji niliyoelekezwa iko chini ya miti ya mwarobaini, uani kwenye nyumba ya fundi. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa juu ya pipa la oili lililogeuzwa, miwani puani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Karibu kivulini, gari lako liko wapi?"

Nilipomweleza kwamba sina gari, nimekuja kuuliza namna anavyofanya kazi, alinyamaza kidogo, kisha akamtuma mjukuu wake ndani amletee daftari. Ni daftari gumu, kubwa, la mistari, kona zake zimepigwa gundi ya karatasi. Kila ukurasa una safu alizozichora mwenyewe kwa rula: tarehe, namba ya gari, kilomita, kilichotolewa, kilichowekwa, namba ya spea, duka. Safu ya mwisho, pana kuliko zote, ina kichwa cha neno moja: SABABU.

Nimeona viwanda vyenye vyeti ukutani visivyo na safu hiyo.

Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akasema alianza ufundi wa mitambo katika kiwanda cha samaki, zama zile sangara wa Musoma alipokuwa anapaa Ulaya kila wiki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, baada ya vizuizi vingine vya miaka miwili iliyotangulia. Mji mzima uliumia. Njia ya kurudi sokoni ilikuwa moja: kuthibitisha kwa maandishi kila samaki ametoka wapi na amepitia mikono gani. "Tuliandika mpaka joto la barafu," alisema mzee. "Kreti isiyo na jina la mwalo ilirudishwa. Mwanzoni tulinung'unika. Baadaye tukaona hasara inapungua, kwa sababu ikioza kreti moja tunajua tuanzie kuuliza wapi." Alipotoka kiwandani na kufungua gereji, akaja na tabia hiyo.

Mfumo ule wa samaki na huu wa magari ni ndugu wa damu. Yote miwili inataka hatari itafutwe kabla haijatokea, na kila kitu kiweze kufuatwa kilikotoka. Kumbe Musoma ilishausomea ubora, tena kwa ada kubwa.

Mzee alinifungulia ukurasa mmoja. Aina moja ya boljointi ilikuwa imejirudia kwenye Hiace kadhaa, zote zikifa kabla ya msimu kwisha. Nikasoma safu ya sababu kwa mwandiko wake uliolala. Boljointi imelegea kwa sababu grisi imekauka. Grisi imekauka kwa sababu vumbi limeingia. Vumbi limeingia kwa sababu kofia ya mpira imepasuka. Kofia imepasuka kwa sababu mpira ni mgumu kama plastiki, haujikunji. Hapo akaacha kuuliza, akachukua zile zilizokufa akaziweka kwenye mfuko, akapanda bodaboda mpaka dukani. Mwenye duka akaziona, akaacha kuagiza chapa ile. Taiichi Ohno wa Toyota aliwafundisha watu wake kuuliza kwa nini mara tano mfululizo mpaka wafike kwenye mzizi. Mzee wangu hajawahi kusikia jina hilo. Alifika pale pale kwa kuchoshwa na kazi ya kurudia.

Jioni ile alifunga tairi za Corolla mbele yangu. Nati alizikaza kwa kuruka, moja huku na nyingine ng'ambo yake, kisha akamalizia kwa tokirenchi, ile spana inayolia "taki" mkazo ukitimia. Aliiweka kwenye 103, kipimo cha nyutonimita kinachotakiwa kwa Toyota ndogo nyingi. Vijana wengi barabarani wanakaza nati kwa kupanda juu ya spana na mguu, stadi inavutika, na siku moja inakatika gari likiwa mwendoni. Nilifurahi kuona kazi safi namna hiyo. Lakini nilipomuuliza tokirenchi yenyewe ilipimwa lini mara ya mwisho, aliniangalia kwa mshangao. Haijawahi. Na hapo kuna pengo ambalo si lake. Kiwango cha magari kinadai kila chombo cha kupimia kipimwe nacho, kwa tarehe na kwa hati. Maabara ya ugezi ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, iko Dar es Salaam. Nani atafunga safari ya zaidi ya kilomita elfu kwa ajili ya spana moja?

Usukani wa Corolla ile ile ulinikumbusha jambo zito zaidi. Mitungi midogo ya gesi iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, ile inayojaza mfuko wa hewa kwenye usukani gari likigonga, ilitiwa amonia naitreti bila kitu cha kukausha unyevu. Joto na unyevunyevu wa miaka mingi vinaiharibu kemikali hiyo, na siku ya ajali mtungi unaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma usoni na shingoni. Watu wamekufa kwa ajali ambazo zingewaachia michubuko tu. Mitungi ipatayo milioni 100 ikaagizwa irudishwe duniani kote, na Takata ikafilisika Juni 2017. Takata nayo ilikuwa kiwanda cha mfumo huu huu wa vyeti, kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba cheti ni kinga ya kila kosa. Lakini kwa kuwa kumbukumbu zilikuwapo, iliwezekana kujua magari yapi yana mitungi ipi, kwa namba ya chesisi. Wenye magari Japani na Marekani waliandikiwa barua. Gari likishauzwa mnadani Japani na kupakiwa melini kuja Dar es Salaam, barua haimfuati mwenye gari Musoma. Jua la ziwani na unyevu wake vinaendelea na kazi yao ndani ya usukani.

TBS hukagua magari yaliyotumika kabla hayajaruhusiwa barabarani kwa kiwango cha TZS 698: breki, taa, usukani, chesisi. Ni kazi muhimu. Ila ukaguzi wa namna hiyo unaona hali ya gari siku ile. Hauwezi kuona kemikali ndani ya mtungi uliofungwa. Kinachoweza ni orodha ya namba, na namba ya chesisi inaweza kuingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji na kujibiwa papo hapo. Nilimwonyesha mzee kwenye simu. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaandika anwani ile nyuma ya jalada la daftari.

Siku iliyofuata nilirudi Makutano, nikapanda bodaboda kwenda Butiama kwa barabara inayoelekea Nyamuswa. Pikipiki ilikuwa TVS, na kijana aliyeiendesha hakuwa na habari kwamba kampuni hiyo ya India ilipata tuzo ya Deming mwaka 2002, tuzo iliyoanzishwa Japani 1951 kwa heshima ya W. Edwards Deming, Mmarekani aliyekwenda kuwafundisha wenye viwanda wa huko kutawala ubora kwa takwimu. Nilimsimulia njiani kwa sauti ya juu, upepo ukinikata maneno. "Ndiyo maana haiyumbi, bosi!" akajibu.

Butiama ni kimya. Pale Mwitongo, Mwalimu Julius Nyerere amelala kati ya majabali ya nyumbani kwao, alikozaliwa 1922 na kuzikwa Oktoba 1999. Akiwa mtoto aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na njia ya kwenda huko ilikuwa ya miguu. Nilitembea katika makumbusho yake, nikaangalia vitu vya maisha ya mtu aliyekataa makuu, na mawazo yangu yakahamia Kibaha.

Mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu alipotoka Ikulu, lilianzishwa huko Shirika la Nyumbu, chini ya jeshi letu, litengeneze gari la Mtanzania. Jina ni la mnyama anayejaza nyanda za Serengeti, huko ng'ambo ya vilima vya mkoa huu. Gari la Nyumbu lilitengenezwa kweli, likatembea. Halikuwahi kuwa gari la kila kijiji. Wengi hulisema kwa kejeli, nami kejeli hizo naziona ni dhuluma kwa mafundi waliolitengeneza. Kuunda gari moja linalotembea ni ufundi. Kuunda la elfu moja linalofanana na la kwanza ni mfumo wa viwanda mia vinavyoaminiana kwa maandishi, na viwanda hivyo hatukuwa navyo. Kimoja tulichokuwa nacho, kile cha tairi cha General Tyre, Arusha, kilifungwa, na mashamba ya mpira ya Muheza na Kilombero yaliyokusudiwa kukilisha yakabaki bila mnunuzi wake mkubwa.

Leo Kibaha malori ya FAW yanaunganishwa, na Kigamboni kuna kiwanda kingine cha kuunganisha malori. Hiyo ni hatua nzuri. Lakini kuunganisha bila wauzaji wa ndani ni kufunga nati za wenzetu. Hoja ninayoiona kutoka Mara ni hii: tuanzie kwenye bushi za mpira, kofia za boljointi, springi za bapa, filta. Mpira tunao. Soko lipo Bunda na Musoma kila siku ya Mungu. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ziko Musoma. Kinachodaiwa ni ugumu wa mpira upimwe kwa kila toleo, namba ipigwe, na kumbukumbu itunzwe, ili bushi ya leo ifanane na ya mwakani na fundi mwenye daftari ajue amrudie nani.

Kwa hiyo naomba. TBS ilete kipimo cha tokirenchi na geji za mafundi katika ofisi yake ya Kanda ya Ziwa, Mwanza. VETA ifundishe safu ya SABABU sambamba na kufungua injini. Namba za chesisi za magari yaliyotumika zilinganishwe na orodha za watengenezaji kabla hayajapewa namba za usajili, na mwenye gari aambiwe. Nawe unayesoma, ukienda dukani usisome boksi. Toa kilichomo, utafute namba iliyopigwa kwenye spea yenyewe, uipige picha. Ukifika gereji, mwombe fundi akurudishie spea ya zamani na akuambie kwa nini imekufa. Andika vyote viwili, pamoja na kilomita, katika daftari linalokaa kwenye droo ya gari, na siku ukiliuza gari lako mpe mnunuzi daftari hilo pamoja na ufunguo.